Diani hadi Kilindini: anayelipia foleni ni dereva

Meli za kitalii huingia Mombasa zaidi wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Nyingi hupita tu: abiria hushuka asubuhi, huenda Fort Jesus au mbugani Tsavo, kisha meli huendelea na safari yake. Lakini zipo zinazoanzia au kumalizia safari hapa, na abiria wao hulala hotelini usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Hao ndio tegemeo la madereva wa Pwani msimu huo, kwa kuwa mgeni mwenye masanduku manne na saa maalumu ya kuripoti bandarini hapandi matatu.

Nauli ya safari ya kutoka hotelini hadi bandarini haina kiwango kinachojulikana. Hupangwa kwenye meza ya mapokezi, kwa wakala, au kwa simu kupitia programu za teksi, na kila anayeshika kazi hiyo mkononi huikata kidogo kabla ya kuipitisha kwa mwingine.

Dereva mmoja wa Diani, pwani ya kusini, ambaye gari lake la watalii bado analilipia mkopo, anasema nauli anayotoa mgeni siyo anayoipokea yeye. Wakala huchukua chake, aliyempigia simu kutoka hotelini huchukua chake, na kinachobaki ndicho cha mafuta, feri, mkopo na karo ya watoto. Hata hivyo, kilio chake kikubwa si kamisheni. Ni muda. Analipwa kwa safari, ilhali kinachoteketea ni saa zake. Meli ikipangiwa kuondoka jioni, upandaji wa abiria hufungwa mapema, mara nyingi saa moja au zaidi kabla ya kuondoka, na nahodha hamngojei mtu aliyekwama kwenye kivuko cha feri cha Likoni. Kwa hiyo dereva humchukua mgeni asubuhi, saa ambazo angepata kazi ya kwenda Shimba Hills au kiwanja cha ndege cha Ukunda. Mgeni akifika mapema mno hulalamika kwamba ameharakishwa. Akichelewa, wakala humgeukia dereva. Na akishashusha mizigo kwenye bandari ya Kilindini, dereva hurudi Diani gari tupu kupitia foleni ile ile.

Malalamiko hayo yana uzito, kwa sababu umbali wenyewe si mkubwa. Kutoka Diani hadi Likoni ni takriban kilomita 30 za lami, na mkondo wa kuvukwa una upana wa kama nusu kilomita. Feri ikishaondoka, kuvuka ni dakika chache. Kinachomaliza muda ni kuifikia sitaha. Magari hubanana kwenye mteremko, injini zikizimwa na kuwashwa, huku watembea kwa miguu wakisongamana bandani. Lango likifunguliwa, umati humiminika pamoja na mikokoteni ya mboga na wachuuzi wenye vikapu kichwani. Feri moja ikipelekwa kwenye matengenezo, msafara wa magari hurudi nyuma mbali barabarani, na mgeni aliye ndani ya gari huanza kuangalia saa yake kila baada ya dakika mbili. Wapo pia wageni wasiotaka kabisa kusikia habari za feri tangu Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka sitahani na kumzamisha mama na bintiye.

Ukimuuliza afisa wa uchukuzi kuhusu hali hiyo, atakutajia takwimu ambayo imerudiwa kwa miaka mingi: watu zaidi ya 300,000 na magari 6,000 huvuka Likoni kwa siku. Afisa mmoja huitaja takwimu hiyo kama ushahidi kwamba kivuko kinaimudu kazi yake. Ni idadi kubwa, na wanaoendesha feri hizo wanastahili heshima. Lakini ukigawa magari 6,000 kwa saa 24 unapata 250 kwa saa, na wastani huo haumsaidii mtu yeyote, kwa maana usiku wa manane kivuko huwa na nafasi, na saa za watu kwenda na kutoka kazini hapana pa kuweka mguu. Takwimu ambayo mfanyabiashara angeihitaji ni nyingine: gari husubiri dakika ngapi saa mbili asubuhi, na ngapi saa kumi jioni. Hiyo haitajwi.

Jibu la pili la maafisa ni barabara ya Dongo Kundu, iliyofunguka kwa magari hadi upande wa kusini mwaka 2024. Kutoka Ukunda unakatia Kibundani, unapita daraja refu la Mteza na lile la Mwache, kisha unatokea Miritini bila kugusa feri. Kwa anayekwenda Nairobi au kituo cha treni ya SGR, ni faraja kubwa. Kwa anayekwenda melini, hadithi ni nusu. Kilindini iko kisiwani, kwa hiyo kutoka Miritini lazima urudi mjini kupitia Changamwe na Makupa, katikati ya trela za makontena zinazoingia na kutoka bandari hiyo hiyo. Dereva hukwepa foleni ya feri akaangukia foleni ya malori, tena kwa mafuta zaidi. Madereva wengi sasa hupiga simu kwa wenzao walio Likoni kabla ya kuamua njia.

Wa kaskazini, kutoka Nyali, Bamburi na Shanzu, wana daraja la Nyali na wasiwasi wao ni mdogo. Wanaotoka Kilifi, Watamu na Malindi wana Mtwapa, na foleni ya hapo kila mtu anaijua.

Kisha kuna geti. Tangu Julai 2004, bandari zinazopokea meli za kimataifa hufuata kanuni za usalama zinazozuia gari lolote kuingia bila kibali. Jengo la abiria lipo, na ni zuri kuliko ghala la zamani. Lakini dereva yule wa Diani anasema magari ya kampuni kubwa huingia hadi karibu na jengo, na yeye hubaki nje akitafuta njia ya kuvusha masanduku ya wazee. Afisa anasema kibali kiko wazi kwa kila anayeomba mapema. Huenda ni kweli, ila kazi nyingi za dereva mdogo hupatikana usiku wa kuamkia safari.

Kuhusu misimu ijayo, maafisa wana matumaini. Mwaka 2023 ulianza kwa kuondolewa kwa onyo la uharamia lililoifunika Bahari ya Hindi kwa zaidi ya muongo, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mwisho wa mwaka huo huo Bahari ya Shamu ikaingia hatarini kwa mashambulizi dhidi ya meli, ratiba za meli zikapanguliwa. Meli zaidi huenda zikaja. Kwamba zitaongeza kipato cha mwenye gari moja, bado hakuna anayeweza kuahidi.

Kwa sasa hoteli za kusini nazo zinapoteza: baadhi ya mawakala huwahamishia wageni kisiwani au Nyali usiku wa mwisho, ili asubuhi pasiwe na maji ya kuvuka. Bandari itoe ratiba ya meli ya msimu mzima na vibali vya msimu mzima kwa madereva waliosajiliwa. Nanyi madereva, andikeni saa za kusubiri kwenye makubaliano na wakala kabla ya kuwasha gari.