Msafiri wa Peke Yake na Mji wa Kumpokea

Kila mwaka, mavuno yakisha kuuzwa, vijana wetu hutujia na swali moja: "Nimepata fedha kidogo, nataka kwenda kupumzika mjini siku chache, wala sina wa kufuatana naye. Niende mji gani?" Wazazi nao hutujia na swali lao, ambalo kwa hakika ni lile lile kwa upande wa pili: "Mwanangu ataka kwenda mjini peke yake. Tumruhusu au tumzuie?" Maswali haya mawili yana jawabu moja, na hapa tumekusudia kulieleza kwa kadiri ya uwezo wetu, Inshallah.

Kwa wasomaji walio mbali, Buger ni kata ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, kando ya msitu wa Marang. Wengi wa watu wake ni Wairaqw, wakulima na wafugaji, na Waislamu miongoni mwao ni wachache. Njia kuu ya kwenda Ngorongoro yapita Karatu mjini, na magari hupita kutwa yamechukua wageni wa Ulaya, Marekani na Asia, watu waliofanya kazi mwaka mzima, kisha wakaja huku kupumzisha nyoyo zao. Basi si ajabu kijana aonaye watu wanavuka bahari kuja kutazama bonde lililo jirani na kwao, naye atamani kwenda kuiona bahari waliyoivuka.

KUPUMZIKA NI HALALI

Wako wazee wasemao kwamba kutembea bila ya biashara, ugonjwa wala msiba ni upuuzi. Twawaheshimu, walakini hatukubaliani nao. Kurani Tukufu katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, imewaamrisha watu watembee katika ardhi watazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha viumbe. Na sahaba Handhala (R.A.) alipolalamika kwamba moyo wake haubaki nyumbani kama uwavyo mbele ya Mtume (S.A.W.), Mtume alimfahamisha kuwa mwanadamu ana saa ya hili na saa ya lile. Mwili una haki yake, na macho yana haki yake. Kijana aliyelima, akavuna, akatoa zaka ya mazao yake ikiwa imempasa, akalipa madeni yake, hana lawama akitaka kupumzika kwa fedha yake ya halali.

Lawama huingia mahali pengine, napo ni pale mtu aondokapo bila ya kujua aendako wala aendeako nini.

SHERIA YATAKA UJUE UENDAKO

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunayafuata, msafiri wa masafa ya kilomita themanini na kitu hupewa ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili. Kutoka Karatu hata Arusha ni kilomita zipatazo 140, kwa hiyo mtu wetu aendaye Arusha ameyatimiza masafa hayo. Lakini wanazuoni wameweka masharti mengine, na mawili katika hayo yanahusu jambo letu hili. La kwanza, safari isiwe ya maasi. Aliyetoka nyumbani kwa ajili ya ulevi au zina hana ruhusa hiyo, hata akisafiri mwezi mzima. La pili, awe amekusudia mahali maalumu tangu mwanzo. Mtu azungukaye ovyo, asiyejua atafikia wapi, hapunguzi sala ingawa mzunguko wake umekuwa mrefu.

Tazameni, ndugu zetu, hekima iliyomo. Mafakihi wetu hawakulihesabu suala la kuchagua mji kuwa dogo, bali walilitia ndani ya hukumu ya sala. Kijana asemaye, "Nitafika Arusha kisha nitaona," hajawa msafiri bado. Amekuwa mzururaji aliyelipa nauli. Na achague mji wake akiwa kwao, kwa utulivu, baada ya kushauriana na wakubwa wake na kusali istikhara.

UPWEKE UKO WAPI?

Sasa tuje kwenye neno "peke yake". Imam Bukhari ameipokea kwa Ibn Umar (R.A.) hadithi ambayo maana yake ni kwamba watu lau wangeyajua yaliyomo katika upweke kama alivyoyajua Mtume (S.A.W.), hapana ambaye angesafiri usiku peke yake. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba makatazo haya yanahusu hatari: msafiri wa jangwani akiugua hana wa kumwuguza, akifa hana wa kumzika wala wa kupeleka habari kwao. Njia ikiwa ya amani na yenye watu wengi, ukali wa makatazo hupungua.

Basi lenye abiria hamsini si jangwa. Humo mtu akizimia, jirani yake humwona. Upweke wa zama zetu humngoja msafiri kituoni. Basi limefika, abiria wote wana wa kuwapokea, na yeye amesimama na mfuko wake, jua lazama, na mtu asiyemjua amshika mkono amwambia, "Twende huku, kaka." Hapo ndipo fedha ya mwaka mzima hupotea kwa usiku mmoja, na hapo ndipo vijana wengi huangukia katika mambo wasiyoyakusudia walipotoka kwao.

Jambo hili si geni. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Kiislamu, alitoka kwao Tangier, nchi ya Moroko, mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, peke yake, kwa nia ya kwenda Hija. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipofika Tunis watu walitoka kuwalaki wenzao na kusalimiana, wala hapana aliyemsalimu yeye, kwa kuwa hakujulikana. Machozi yakamtoka. Mmoja wa mahujaji akaitambua hali yake, akamwendea akamsalimu na kumliwaza hata wakaingia mjini, naye akapata malazi katika madrasa. Jangwa lote hakulililia; alilia mlangoni mwa mji.

Miaka sita baadaye, mwaka 1331, alifika pwani yetu. Huko Mogadishu aliona desturi ya kwamba kila mfanyabiashara mgeni hupokewa na mwenyeji mmoja, akafikia kwake; naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, alipokewa na kadhi. Alilala Mombasa usiku mmoja, akausifu uzuri wa misikiti yake iliyojengwa kwa mbao, na kutoka hapo akaenda Kilwa. Hiyo ndiyo desturi ya miji ya Kiislamu: mgeni ana mlango wa kubisha. Kwa hiyo shauri letu kwa asafiriye peke yake ni hili: usichague mji kwa ukubwa wala kwa sifa zake. Chagua mji ambao upweke wako utakwisha upesi.

MIJI YENYEWE

Tukiyapima hayo kwa miji ambayo vijana wetu huitaja, twaona hivi.

Arusha i karibu, na kila mtu wa Karatu ana jamaa au rafiki huko. Yafaa kwa jaribio la kwanza la siku mbili tatu. Upungufu wake ni kwamba sisi twaijua kama mji wa shughuli, na aghalabu aendaye huko kupumzika hujikuta ananunua vipuri na dawa za mifugo kwa ajili ya nusu ya kijiji.

Dar es Salaam jina lake lina salama, lakini kwa sensa ya mwaka 2022 ina watu zaidi ya milioni 5. Mabasi ya mikoani, tangu mwaka 2021, yana kituo kikuu huko Mbezi, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kutoka Kariakoo. Mtu aliyesafiri kutwa, akashuka hapo jioni, bado ana safari nyingine mbele yake katika mji asioujua. Hatusemi asiende, twasema asiende peke yake kwa mara ya kwanza pasipo mtu atakayemngoja kituoni.

Unguja ni chuo kizima. Mji Mkongwe uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hapo Ukutani, Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925, alisomesha watu waliokuja kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Kusini ya kisiwa, huko Kizimkazi, uko msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Walakini ni mji uliozoea wageni wenye fedha nyingi, na nauli ya boti huongeza gharama. Aendaye na aende wakati wa mvua za masika, ambapo wageni hupungua na malazi hushuka bei. Tena awe na mwenyeji, kwani mlango wa mwenyeji humwonyesha mgeni Unguja ambayo mwenye hoteli haijui.

Tanga ndio mji tunaoupendekeza kwa kijana wa Buger asafiriye peke yake mara ya kwanza. Ni mji wa kadiri: una bahari, soko na hospitali, na bado mtu aweza kuuzunguka kwa miguu au kwa baiskeli. Katika Ngamiani barabara zimepewa hesabu, ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, hata mgeni akipotea hujua amepotea kwa barabara ngapi. Misikiti haiko mbali mbali, na ni mji wa madrasa. Hapo alikuwa kadhi Sheikh Ali Hemed al-Buhry, aliyeandika kwa Kiswahili vitabu vya mirathi na nikahi. Na karibu na mji huo, huko Vibambani, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Nje ya mji yako mapango ya Amboni upande wa kaskazini, na upande wa kusini, kwa kilomita zipatazo 17, yako magofu ya Tongoni, yaani msikiti wa kale na makaburi ya Waislamu waliotutangulia kwa karne nyingi. Kijana aliyesimama hapo hufahamu kwamba Uislamu wake una mizizi katika ardhi hii. Kwa Mwislamu atokaye mahali ambapo wenzake ni wachache, fahamu hiyo yatosha kuwa faida ya safari nzima.

NA MABINTI JE?

Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamke asafiri bila ya maharimu wake. Wanazuoni wa Kishafi wamelegeza katika Hija ya faradhi akiwa pamoja na wanawake waaminifu; ama safari ya mapumziko, hukumu ibaki palepale. Lakini twawaambia baba na kaka: hukumu hii imewekwa juu yenu kabla ya kuwekwa juu yake. Maana yake ni kwamba ninyi mfuatane naye. Binti naye huvuna, huchota maji, hulea wadogo zake, na ana macho yanayopenda kuona. Kaka aliyekwenda Tanga mwaka huu, mwakani na amchukue dada yake. Anayetumia sheria kuwa kufuli, naye ana uwezo wa kuwa ufunguo, na aogope kuulizwa.

YA KUTENGENEZA KABLA YA KUTOKA

Kwanza, ridhaa ya wazazi. Nao wazazi wasikatae kwa hofu tupu, kwani kijana aliyekatazwa bila ya sababu huondoka usiku, na huo ndio upweke wenyewe alioutaja Mtume (S.A.W.).

Pili, salamu itangulie. Zamani imamu wa hapa alimwandikia barua imamu wa kule. Leo simu yatosha. Aseme, "Kijana wetu fulani atafika siku fulani, mtazameni." Maneno hayo machache yana thamani kuliko hoteli kubwa.

Tatu, fedha igawanywe kabla ya safari. Nauli ya kurudi itengwe kwanza isiguswe; kisha malazi na chakula; kisha akiba ya ugonjwa; kisha zawadi ya mama. Isikae yote mfukoni, wala yote katika simu.

Nne, asafiri mchana. Alale Arusha usiku mmoja, apande basi la asubuhi lipitalo Moshi, Same, Korogwe na Muheza. Achukue kitambulisho chake, na achague malazi yaliyo karibu na msikiti, ili watu waonane naye mara tano kwa siku. Asiyeonekana sala mbili ataulizwa yu wapi.

Tano, ajue hukumu ya sala yake. Njiani atapunguza. Lakini akinuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi atatimiza sala tangu anapofika, na Ijumaa itamlazimu kama inavyowalazimu wenyeji.

Sita, arudi kwa wakati. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humnyima mtu chakula chake na usingizi wake, na akimaliza haja yake na afanye haraka kurejea kwa watu wake. Mapumziko yasiyo na siku ya kurudi huanza kuwa utoro.

Basi enyi vijana, mkiulizwa mwaenda wapi, mtaje mji. Mkiulizwa mwaenda kwa nani, mtaje mtu. Aliyeweza kuyajibu hayo mawili, hata akiwa peke yake garini, hayuko peke yake. Nanyi wazazi, mwana akiwajia na majibu hayo, mwombeeni dua, mpeni radhi zenu, na mumfungulie mlango kwa mkono wenu.

Wabillahi taufiq.