Kuitunza Injini ya Dizeli Iliyokwenda Kilomita Nyingi

Katika mwaka 2004 dereva wa teksi wa mji wa Thessaloniki, Ugiriki, aitwaye Gregorios Sachinidis, alilikabidhi gari lake kwa makumbusho ya kampuni ya Mercedes-Benz huko Ujerumani. Gari hilo, aina ya 240D la mwaka 1976, lilikuwa limekwenda kilomita milioni 4.6, yaani karibu mara 12 ya umbali uliopo kati ya dunia na mwezi. Umbali huo haukufikiwa kwa injini moja isiyoguswa. Injini zilitolewa, zikatengenezwa na kubadilishwa mara nyingi. Siri ya gari hilo, basi, haikuwa chuma kisichochakaa, bali mwenyewe aliyejua wakati wa kulitengeneza.

Magari mengi ya familia yanayotumia dizeli katika nchi zetu yalikwisha kwenda kilomita nyingi kabla hayajafika bandarini. Tena saa ya kilomita si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa yaweza kurudishwa nyuma. Gari kama hilo likianza kutoa moshi na kukataa kuwaka asubuhi, mara nyingi husemwa kwamba injini "imekufa". Mwenye gari huingia gharama ya kuifungua yote, au huliuza kwa bei ya kutupa. Makala haya yanaeleza, kwa kutumia fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari, jinsi injini ya dizeli inavyozeeka, na kwa nini yafaa kuipima kabla ya kuifungua.

MOTO USIO NA CHECHE

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio katika mji wa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alijenga juu ya kanuni nyingine: hewa ikishindiliwa upesi hupata joto. Kila mwanafunzi aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli ameihisi kanuni hiyo kwa kiganja, pale mwisho wa pampu unapokuwa moto.

Katika injini ya Mercedes-Benz 240D, hewa hushindiliwa mpaka ujazo wake unakuwa sehemu moja tu kati ya 21 za ujazo wa mwanzo. Kama hakuna joto linalopotea, halijoto ya hewa hiyo, ikihesabiwa kwa kelvini, huzidishwa kwa 21 iliyopewa kipeo cha 0.4, yaani kwa 3.38. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, sawa na kelvini 303, hufikia kelvini 1024, yaani nyuzi 751. Dizeli inayorushwa humo kama ukungu huwaka yenyewe, kwa kuwa huhitaji nyuzi zisizofika 300 ili ishike moto.

Sasa tuchukue asubuhi ya mwezi wa Julai huko Njombe, ambako hewa ina nyuzi 10 tu. Hesabu ile ile hutupa nyuzi 683. Tofauti ya nyuzi 20 nje ya injini imekuwa tofauti ya nyuzi 68 ndani yake. Ndiyo sababu gari linalowaka bila taabu mjini Dar es Salaam laweza kumsumbua mwenyewe akilala safarini katika nyanda za juu.

Hesabu hii ni ya injini kamilifu, na injini kamilifu haipo. Hewa iliyoshindiliwa hupoteza joto katika kuta za silinda, na sehemu yake huvuja kupita kando ya ringi za pistoni na kwenye vikalio vya valvu. Hapa ndipo muda unapokuwa jambo kubwa. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika hushindilia hewa kwa muda wa sekunde 0.015. Lakini inapozungushwa na stata, tuseme mara 200 kwa dakika, kazi hiyo hiyo huchukua sekunde 0.15. Hewa imepewa muda mara kumi wa kuvuja na kupoa. Kwa hiyo injini iliyochakaa kiasi hukataa kuwaka asubuhi, lakini ikiisha kuwaka hufanya kazi vizuri kutwa nzima.

Kutokana na maelezo haya twapata funzo la kwanza. Gari likikataa kuwaka, kitu cha kuchunguza kwanza si ringi za pistoni bali betri, nyaya zake na stata, kwa kuwa stata inayozunguka polepole huipoza hewa hata katika injini nzima. Kisha zichunguzwe plagi za kupasha joto, ambazo mafundi huziita hita plagi. Katika injini nyingi za zamani mafuta hurushwa kwanza katika chumba kidogo kilicho kando ya silinda. Kuta za chumba hicho hunyonya joto jingi, na bila plagi hizo kuwaka injini ikiwa baridi ni shida. Plagi moja iliyokufa hutosha kuifanya injini ya silinda nne itetemeke na kutoa moshi mweupe kwa dakika za mwanzo.

MAHALI INJINI INAPOCHAKAA

Uchakavu hauenei sawasawa katika injini. Silinda huliwa zaidi upande wa juu, pale ringi inaposimama kidogo kabla ya kurudi chini, kwa sababu hapo joto ni kali na utando wa oili ni mwembamba. Adui mkubwa ni vumbi. Chembe za mchanga wa barabara zetu ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na chujio la hewa lililotoboka, au mpira wa hewa uliopasuka baada ya chujio, huzipitisha moja kwa moja. Uharibifu wa namna hii hauonekani siku ile ile, ila hauwezi kurudishwa nyuma.

Valvu nazo huchakaa. Kadiri vikalio vyake vinavyoliwa, valvu huzama, na nafasi iliyoachwa kati yake na kifaa kinachoisukuma hupungua. Nafasi hiyo ikiisha, valvu haifungi sawasawa injini inapopata moto, na hewa huvuja. Dalili zake hufanana na za ringi zilizokwisha, lakini dawa yake ni kurekebisha tapeti, kazi ya saa chache isiyohitaji kufungua injini. Hii ni sababu moja kwa nini kubahatisha ni ghali.

Pampu ya dizeli na nozeli ndizo sehemu zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zote. Nafasi iliyopo kati ya kibastola cha pampu na ala yake ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita, ilhali unywele wa mtu una unene upatao sehemu 70 kati ya hizo elfu. Kifaa hiki hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji huleta kutu ndani yake, na mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huondoa ule utelezi. Kwa kuzuia uchanganyaji huo Tanzania ilianza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu iondoke.

Mwisho ni mnyororo au mkanda unaounganisha krenki na valvu pamoja na pampu. Mnyororo uliorefuka kwa uchakavu huchelewesha urushaji wa mafuta, na injini hupoteza nguvu. Mkanda wa mpira ni hatari zaidi, kwa sababu haulalamiki, bali hukatika. Katika injini ya dizeli pistoni hufika karibu sana na valvu, kwa hiyo mkanda ukikatika vyuma hivyo hugongana, na gharama yake huweza kuizidi thamani ya gari. Mwenye kununua gari asilolijua historia yake haifai ausubiri umbali uliotajwa kitabuni. Na aubadilishe mara moja.

MOSHI NA MAANA YAKE

Injini nzima iliyokwisha kupata moto hutoa moshi kidogo sana. Ikitoa moshi mwingi, rangi yake ni ya kuangaliwa.

Moshi mweusi ni kaboni ya mafuta yasiyoungua yote. Maana yake ni kwamba hewa imepungua au mafuta yamezidi. Ulizwe kwanza usafi wa chujio la hewa, kisha nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza. Mahali pa juu, ambapo hewa ni nyepesi, moshi mweusi huongezeka hata katika injini isiyo na kasoro. Katika mwinuko wa meta 2,000 kanieneo la hewa hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hupita kando ya ringi, kwenye miongozo ya valvu, au katika tabo kwa magari yenye kifaa hicho.

Moshi mweupe ni mvuke wa dizeli isiyowaka, nao huwasha macho na kunuka. Ukitoweka injini inapopata moto, chanzo chake ni ubaridi au plagi. Lakini mvuke mweupe unaoendelea, tena maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Gari hilo lisiendeshwe. Maji yakijaa ndani ya silinda hayashindiliki, na stata ikizungushwa huweza kupinda mkono wa pistoni.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Fundi mwenye geji ya kupima mgandamizo anaweza kuijua hali ya kila silinda bila kuifungua injini. Katika injini ya 240D iliyo nzima, geji huonyesha kiasi cha bari 22 hadi 24. Bari moja ni karibu sawa na kanieneo la hewa kwenye usawa wa bahari. Mtengenezaji huhesabu bari 15 hivi kuwa mwisho wa kuvumilika. Injini nyingine zina viwango vyao, vinavyopatikana katika vitabu vyao.

Ulinganifu una maana kuliko ukubwa. Silinda nne zenye bari 19 kila moja ni za injini iliyozeeka kwa heshima, nayo yaweza kuendelea kwa miaka. Lakini zikiwa na bari 23, 23, 14 na 23, injini haijazeeka, ila ina ugonjwa mahali pamoja. Hapo tapeti zirekebishwe, kisha kipimo kirudiwe. Kama silinda ile bado ni dhaifu, kijiko kimoja kidogo cha oili hutiwa ndani yake na kipimo hurudiwa tena. Mgandamizo ukipanda, oili imeziba kando ya pistoni, na kosa ni la ringi au silinda. Usipopanda, kosa ni la valvu au gasketi. Oili isizidi kiasi hicho, maana chumba cha juu ni kidogo mno na kimiminika hakishindiliki.

Kupima nozeli ni kazi ya fundi mwenye mashine yake. Mkono usiwekwe kamwe mbele ya nozeli inayorusha, kwa kuwa mafuta hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha dogo la namna hiyo linahitaji hospitali siku ile ile. Katika injini za siku hizi, ambazo mafuta hukaa katika bomba moja kwa kanieneo linalozidi bari 1,000, mabomba hayo yasilegezwe hata kidogo injini ikiwa inanguruma.

USAFI NDIO UHAI

Matunzo ya kila siku ni machache, nayo yanahusu vitu vinne: hewa, dizeli, oili na maji.

Chujio la hewa lichunguzwe mara kwa mara zaidi kwa gari linalopita barabara za vumbi. Maji yaliyokusanyika chini ya chujio la dizeli yatolewe, hasa wakati wa mvua, na chujio libadilishwe kwa wakati wake. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Weusi si kosa, kosa ni kuiacha mpaka ishindwe kuyabeba. Zamani salfa iliyokuwamo katika dizeli ilizaa asidi ndani ya oili. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipokubali kiwango cha sehemu 50 za salfa kwa milioni, madhara hayo yamepungua, lakini masizi hayakwisha. Rejeta nayo itiwe maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu, wala isifunguliwe injini ikiwa moto.

KUFUNGUA AU KUACHA

Ni lini, basi, inafaa injini ifunguliwe? Ni pale ambapo betri, plagi, tapeti, vichujio na nozeli zote zimekwisha kuhakikiwa, na geji bado inaonyesha mgandamizo ulioshuka chini ya kiwango, au oili inaliwa kiasi cha kuogofya. Injini iliyofikia hapo isiahirishwe. Ringi zilizochakaa mno huweza kupitisha oili nyingi hata injini ikaanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, isisikie ufunguo wala pedali, na izimike kwa kuzibiwa hewa tu.

Kabla ya kufikia hapo, geji moja, kijiko cha oili na daftari la kuandikia vipimo kila mwaka vinaweza kuinusuru familia na gharama isiyo ya lazima. Daftari hilo ni bora kuliko saa ya kilomita. Saa husema gari limekwenda wapi, lakini vipimo ndivyo vinavyosema bado laweza kwenda wapi.