Nyasi Kavu Zina Faida Gani?

Nyasi ni kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukitazama. Je, wajua kwamba wapo wataalamu wanaozitunza nyasi kavu kwa zaidi ya miaka mia moja, kama zinavyotunzwa hati za mashamba?

Tuchukue mfano wa Cabeza Prieta, hifadhi ya wanyamapori katika jangwa la Sonora, Arizona, Marekani, mpakani na Mexico. Ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya kondoo mwitu wa jangwani, na eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 3,480. Humo mna nyasi za asili ziitwazo kitaalamu Hilaria rigida. Mashina yake ni magumu, nazo husaidia kuzuia mchanga usipeperushwe na upepo.

Rekodi huwekwaje?

Mkusanyaji huchukua mmea pamoja na masuke yake, huubana kati ya magazeti mpaka ukauke, kisha huubandika kwenye karatasi ngumu. Chini yake huweka kibandiko chenye jina la mmea, mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Karatasi hiyo hupelekwa hebaria, yaani nyumba ya kutunzia mimea iliyokaushwa. Hebaria ya Chuo Kikuu cha Arizona ilianzishwa mwaka 1891.

Faida yake

Zipo nyasi nyingine, Cenchrus ciliaris, zenye asili ya Afrika na Asia. Kwetu Afrika Mashariki ni malisho mazuri ya mifugo. Katika miaka ya 1940, mbegu zake zenye asili ya Turkana, Kenya, zilipelekwa Marekani kwa ajili ya malisho. Leo nyasi hizo zimeenea sehemu nyingi za jangwa la Sonora. Zikikauka hushika moto upesi, na mipungate mikubwa ya huko haistahimili moto. Kwa hiyo hapana budi zing'olewe. Lakini zipi ni za asili na zipi ni ngeni? Vibandiko hutoa ushahidi: zilionekana wapi, na mwaka gani.

Hata hivyo, tuwe na tahadhari. Wakusanyaji wengi hufuata barabara. Mahali pasipo na rekodi si lazima pawe hapakuwa na nyasi; huenda hakufika mtu.

Nawe mwanafunzi, ukichuma mmea kwa somo la sayansi, andika mahali na tarehe siku hiyo hiyo. Kibandiko kikikosekana, yanabaki majani makavu tu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.