Ogaka: Tuipande Kabla Haijaisha



Tukizunguka vijijini, kutoka Lambwe hadi Nyatike, tunasikia neno moja kwa akina mama: "Ogaka siku hizi iko mbali." Zamani ulitoka tu nje ya boma ukaikuta malishoni. Sasa malisho mengi yamelimwa, na mwenye kuku wagonjwa hakati jani, anang'oa mmea mzima.

Ogaka ni mshubiri wetu wa asili. Ndiyo maana husemwa "chungu kama shubiri." Uchungu wenyewe uko katika utomvu wa njano, chini ya ganda la jani. Wengi wetu huponda majani na kuyatia katika maji ya kuku. Sawa, lakini hiyo haichukui nafasi ya chanjo ya kideri. Mama mjamzito naye asinywe, kwa maana utomvu huo huendesha tumbo vibaya. Maua yake ni chakula cha nyuki na ndege chozi.

Sheria inasemaje? Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa biashara. Kanuni za mwaka 2007 zikaruhusu biashara ya ile iliyopandwa, kwa kibali cha Shirika la Wanyamapori (KWS). Basi akija mnunuzi na mitungi yake, aseme "kateni tu huko porini," mkataeni. Yeye ataondoka na gari lake. Watakaobaki na kesi ni nyinyi.

Njia nzuri ni kupanda:

1. Chukueni chipukizi la pembeni, mmea mama ubaki. Kama hakuna chipukizi, kusanyeni mbegu.
2. Liacheni kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke. Likipandwa bichi huoza.
3. Pandeni mahali maji hayatuami, mkiacha nafasi ya mita moja.
4. Wakati wa kuvuna, kateni majani mawili matatu ya chini. Moyo wa mmea usiguswe.

Kila boma likianza na miche mitano kando ya ua, hakuna atakayelazimika kwenda kung'oa porini.

Ya kujadili kikundini:

- Ogaka imebaki wapi katika kijiji chetu?
- Nani atatoa kipande cha shamba kwa kitalu?
- Nani atakwenda KWS kuuliza habari za kibali kabla hatujauza?

Mungu alituachia mmea huu malishoni. Tusiwe sisi wa kuumaliza.