Methadoni na Saa za Mraibu

Tangu Februari 2011, hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipoanza kuwanywesha methadoni waraibu wa heroini, wapo watu wenye nia safi ambao hawajaacha kulalamika kwamba huko ni kumtoa mtu katika utumwa mmoja na kumtia katika wa pili. Na kwa kuwa lawama hiyo huwafikia wazazi wanaotafuta njia ya kumwokoa mtoto wao, yapasa ijibiwe kwa hoja za kitabibu.

Heroini, ambayo asili yake ni afyuni, ikiisha kuingia mwilini huviendea vipokezi vya ubongo, vile vile ambavyo Mola amevijaalia kupokea vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, ikavishika kwa ghafla, kisha baada ya saa chache tu ikaviachilia. Hapo ndipo arosto humjia yule mtu, kamasi zikamtoka, mifupa ikamwuma, tumbo likamsokota, na akili yake yote ikawa haina shughuli ila kutafuta kete nyingine kabla ya jua kuchwa. Methadoni nayo huvishika vipokezi hivyo hivyo, lakini huja pole pole na kuondoka pole pole, hata kipimo kimoja kinachonywewa asubuhi mbele ya muuguzi hutosha mpaka asubuhi ya pili, bila ya kumlevya aliyekwisha kuizoea. Haya waliyaona madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander mjini New York katika miaka ya 1960: wagonjwa wao, ambao walipokuwa wakipewa mofini hawakuwa na fikira ila ya sindano ijayo, walipobadilishiwa methadoni mmoja akaanza kuchora picha, na mwingine akataka kurudi masomoni. Mtu aliyerudishiwa mchana wake namna hii sioni kwa nini aitwe mtumwa, hata ikiwa atainywa dawa hiyo kwa miaka mingi.

Ni kweli kwamba methadoni ikizidi, au ikichanganywa na pombe, huweza kuzuia pumzi na kuua, ndiyo sababu huanzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa kwa hadhari. Lakini hatari ambayo haisemwi vya kutosha ni ile ya kumharakisha mgonjwa aiache, kwani mwili uliokwisha kupoteza mazoea haustahimili tena kiasi cha zamani, na akirudia unga kwa kiwango kile kile alichokizoea, huenda yakawa ndiyo mauti yake.

Anayetumia methadoni huku akiugua kifua kikuu naye, anapoanzishiwa dawa ya rifampisini, ini lake huivunja methadoni upesi kuliko kawaida, akarudiwa na arosto pasipo kosa lolote. Tabibu mwenye busara humwongezea kipimo, na jamaa wa nyumbani wanaomwona akitokwa na jasho na kukosa usingizi, kabla ya kumtuhumu kwamba amerudia unga, wamwulize ni dawa gani nyingine anazozimeza.