Mhudumu wa Afya Akibisha Hodi, Mfungulie

Na Tabibu Msaidizi, Muleba



Mkoa wetu wa Kagera una chakula. Kibanja kinatupa ndizi na maharage, na Ziwa Victoria linatupa dagaa. Hata hivyo, uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kagera walio chini ya miaka mitano, 34 wamedumaa. Yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Kwa Tanzania nzima idadi ilikuwa 30 katika kila 100. Je, kama chakula kipo, kwa nini watoto wetu wanadumaa?

Sababu nyingi zimo nyumbani. Mtoto hupewa ndizi tupu, akashiba, lakini ndizi tupu haijengi mwili. Mama mjamzito hulima na kubeba maji mpaka siku ya kujifungua. Mtoto huharisha mara kwa mara kwa sababu ya maji machafu na choo kibovu. Sisi wa zahanati tunamwona mtoto dakika chache siku ya kliniki. Siku nyingine zote yuko nyumbani. Nani atamfuata huko?

Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu si daktari wala muuguzi. Ni mwanakijiji mwenzetu aliyefundishwa kazi maalumu.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba huduma za msingi za afya ziwafikie watu pale wanapoishi. Nchini kwetu vijiji vingi vilipata wahudumu wao katika miaka ile. Lakini vijiji vingi havikuweza kuwalipa, na wengi wakaiacha kazi. Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto mpaka umri wa miaka 8. Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa kupata wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa.

Mhudumu huyu anafanya nini?

1. Humtembelea mama mjamzito na kumhimiza aanze kliniki mapema. Humkumbusha baba kuweka akiba ya usafiri kabla ya uchungu kuanza.

2. Humtazama mtoto mchanga katika siku za kwanza. Huhimiza anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, bila maji wala uji.

3. Baada ya miezi 6 humwonyesha mama jinsi ya kuchanganya chakula: ndizi zipondwe pamoja na maharage au dagaa waliosagwa, mboga za majani na mafuta kidogo. Yai, maziwa, papai na parachichi viongezwe vikipatikana.

4. Humpima mtoto mkono kwa utepe wenye rangi kuanzia miezi 6. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali; mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Njano ni onyo. Kijani ni salama. Lakini utepe hauonyeshi udumavu. Udumavu hujulikana kwa kupima urefu na kuulinganisha na umri, hivyo kliniki isiachwe.

5. Huwafundisha wazazi kuongea na mtoto, kumwimbia na kucheza naye. Ubongo hukua haraka sana katika miaka ya kwanza. Mtoto anayefungiwa kimya ana njaa ya aina nyingine.

Na nini si kazi yake? Si kazi yake kuuza dawa, wala kumzalisha mama nyumbani. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea bila kuzinduka, msimsubiri mhudumu. Mpelekeni zahanati mara moja, usiku au mchana.

Kazi hii yote inategemea mlango kufunguliwa. Mhudumu aliyechaguliwa kwa undugu au kwa urafiki wa viongozi hukuta milango imefungwa, na utepe wake hubaki mfukoni. Kwa hiyo mkutano wa kitongoji unapoitwa, nendeni. Chagueni mtu anayeheshimika, anayejua kusoma na kuandika, na zaidi ya yote anayetunza siri. Yale atakayoyaona nyumbani mwako hayapaswi kusikika kilabuni.

Akina baba, msiondoke anapofika. Baba ndiye mara nyingi anayeamua kama kuku atauzwa au mayai yataliwa na mtoto, na kama nauli ya hospitali itapatikana. Akizungumza na mama peke yake, nusu ya kazi imebaki.

Serikali ya kijiji nayo impe nafasi ya kusema katika kila mkutano: watoto wangapi wamepimwa, wangapi wako kwenye nyekundu, na kaya zipi hazina choo, bila kutaja majina hadharani.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Wahudumu wa kitongoji chenu ni akina nani, na walichaguliwaje?

2. Ni vyakula gani vilivyomo kibanjani mwenu ambavyo mtoto hapewi? Kwa nini?

3. Mama akishikwa na uchungu usiku wa leo, mtamfikishaje zahanati?