Mbwa Nao Wanatembea Tu?

Chyulu tumeiacha. Vilima hivyo vya Makueni vinapendeza kuliko vyote, lakini ni mbuga ya kitaifa tangu 1983 na mbwa haruhusiwi kuingia. Sababu ni nzuri: kichaa cha mbwa hakichagui kati ya mbwa wangu Simba na simba wa nyikani. Kwa hiyo mimi na mke wangu, pamoja na Simba na mbwa mwenzake Bosco, huenda mlima Nzaui.

Huko ndiko masimulizi ya Wakamba yanakosema Mulungu aliwashusha mume na mke wa kwanza, na nyayo zao na za mifugo yao zingali mwambani. Ng'ombe wanatajwa, mbuzi wanatajwa. Mbwa sijasikia akitajwa, jambo ambalo mke wangu huliona kama dharau.

Mlima wenyewe hausumbui sana. Kinachosumbua ni kujieleza. Mbwa wa Ukambani ana kazi: usiku analinda boma, mchana anafuata mbuzi. Watu wawili wanaokwea kilima wakiwa na mbwa huonekana wawindaji, na uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mbaazi uani alitusimamisha.

"Mnatafuta digidigi?"

"Hapana, mwaitu, tunatembea tu."

Akawatazama mbwa, akatazama kamba zao shingoni. "Na hao nao wanatembea tu?"

Tulicheka, yeye hakucheka.

Mbwa wa maboma tunayopita ndio wanaonitia hofu. Hutoka kwa kishindo wakiwa watatu au wanne, mwenyewe akipaza sauti kutoka jikoni kwamba hawaumi. Kitui na Makueni zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuwekwa kwenye mpango wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, ulioanza 2014, ambao unataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Wetu wamechanjwa, na vyeti vyao viko mkobani. Anayeumwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Dakika 15 za maji, mahali ambapo mtungi unanunuliwa!

Maji ndiyo heshima ya huku. Kwenye mito ya mchanga utaona visima vilivyochimbwa kwa mikono na kuzungushiwa matawi ya miiba ili wanyama wasifike. Mbwa wako akitumbukiza mdomo humo, usitarajie kusalimiwa ukirudi. Sisi hubeba maji yao na sufuria kuukuu. Bosco hunywa kistaarabu. Simba huingiza mguu kwanza.

Kitui tulijaribu mwamba wa Nzambani. Simba na Bosco waliikataa ngazi ya chuma: kucha zilikwaruza vidato vya kwanza, wakalala chini kama magunia. Ikabidi tupande kwa zamu. Juu nilitazama upande wa Mlima Kenya, ambao mmisionari Krapf aliuona akiwa Kitui Desemba 1849, nikaambulia mawingu. Wenyeji husema ukiuzunguka Nzambani mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Niliposhuka nilimkuta mke wangu akiburutwa na mbwa wote wawili kuuzunguka mwamba, wakifukuza pimbi.

"Mzunguko wa ngapi huo?" nikamuuliza.

"Shika kamba kwanza," akasema.